Mzee na Mgeni: Uhakiki wa Maneno Mawili katika Uongozi wa Kanisa Mjini Eldoret

Makala haya yanachunguza maneno mawili yanayosikika mara kwa mara katika makanisa ya Eldoret, hasa siku wanapowekwa viongozi wapya, nayo ni "mzee" na "mkaribishaji". La kwanza ni jina la cheo. La pili ni mojawapo ya sifa zinazodaiwa kwa mwenye cheo hicho katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo (3:1–7) na Waraka kwa Tito (1:5–9). Hoja yetu ni kwamba neno la kwanza limebebeshwa uzito usio wake, hali la pili limepokonywa uzito uliokuwa wake. Na kwamba upungufu huo, katika mji kama Eldoret, si jambo la kuwashughulisha wanaisimu peke yao.

Tuanze na mzee. Katika Kiswahili neno hili hutaja umri, heshima na mamlaka kwa pamoja. Mzee wa miaka 80 ni mzee. Baba mwenye nyumba ni mzee hata akiwa na miaka 40. Na mzee wa mtaa ni mtu anayetambuliwa na chifu. Methali yasema kwamba penye wazee haliharibiki neno, na hapo umri wenyewe huchukuliwa kuwa dhamana ya busara. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, hawakukosea walipolichagua neno hili kufasiri neno la Kiyunani "presbuteros", kwani hata hilo la Kiyunani lina maana zote mbili, ya umri na ya cheo. Sura ya tano ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo hulitumia kwanza kwa mtu mwenye umri mkubwa (5:1), kisha kwa yule atawalaye kanisa (5:17).

Lakini msomaji akitazama orodha ya sifa ataona jambo la ajabu: umri haumo. Anayetakiwa ni mtu asiye mlevi, asiye mgomvi, aongozaye vema nyumba yake, awezaye kufundisha, tena mwenye sifa njema kwa walio nje. Kinachokatazwa kinachokaribiana na umri ni uchanga wa imani tu. Isitoshe, Timotheo mwenyewe, aliyeandikiwa maagizo hayo, alikuwa kijana kiasi cha kuhitaji kutiwa moyo asidharauliwe kwa ujana wake (4:12). Kwa hiyo waraka umelichukua neno la umri ukalijaza tabia. Msikilizaji wa Kiswahili asipotahadhari hulimwaga lile lililojazwa, akabaki na chombo.

Hatari hii ni kubwa zaidi Eldoret kwa sababu ya historia yake. Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yamo mjini humo, lina chimbuko katika kazi ya umisheni ya kanisa la walowezi Makaburu, waliohamia uwanda ule mwanzoni mwa karne ya ishirini. Pamoja nalo yako makanisa ya Presbiteri na ya Africa Inland, ambayo nayo huongozwa kwa mabaraza ya wazee. Mfumo huo ulipokelewa na watu ambao tayari walikuwa na wazee wao. Wanandi na Wakalenjin wengine walikuwa na "boisiek", wazee wakaao katika "kokwet" kuamua mambo ya ujirani. Wakikuyu waliohamia huko walikuwa na "kiama". Mabaraza hayo yalikuwa na hekima nyingi, na kanisa lilifaidika kwayo. Hata hivyo mzee wa kokwet au wa kiama ni mzee wa watu wake. Mzee wa kanisa je, ni mzee wa watu gani?

Swali hilo hutufikisha kwenye neno la pili. Sifa inayofasiriwa "mkaribishaji" (1 Timotheo 3:2; Tito 1:8) kwa Kiyunani ni "philoxenos", neno ambatani lenye sehemu mbili: kupenda, na mgeni. Aya inayofuata katika Timotheo ina neno lililoundwa kwa namna iyo hiyo, "aphilarguros", yaani asiyependa fedha. Wafasiri walilieleza hili la fedha kwa ukamilifu: kupenda kumetajwa, na fedha zimetajwa. Vivyo hivyo walipomkataza mzee kuwa "mpiga watu", walimtaja mpigaji na wapigwao. Lakini walipofika kwa mgeni, mapenzi yaliachwa na mgeni mwenyewe akaachwa. Limebaki jina la mtendaji lisilo na yambwa. Mkaribishaji humkaribisha nani? Sarufi haisemi, na kila msikilizaji hujaza pengo hilo kwa watu anaowapenda.

Huenda mtu akatupinga kwamba katika Kiswahili mgeni yumo ndani ya kitenzi "karibisha" bila kutajwa, na kwamba utamaduni wetu hauhitaji kufundishwa ukarimu. Je, hatusemi "mgeni njoo, mwenyeji apone"? Pingamizi hili lina nguvu, lakini halitoshi. Mgeni wa methali hiyo ni mtu apitaye. Na methali nyingine humpa siku mbili tu kabla ya kumpa jembe. Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa mtu wa asili nyingine aliyekuja akakaa, na huyo ndiye anayekaribia zaidi maana ya "xenos". Kumpa mpitaji chai ni adabu. Kumpenda aliyekuja akajenga kando yako ni jambo jingine.

Eldoret ni mji wa wageni wa namna hiyo ya pili. Hata jina lake, inasemekana, ni neno la Kimasai lililopewa mwisho wa Kinandi. Hata hivyo katika machafuko ya 1992, na tena katika yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wageni wa Bonde la Ufa waliitwa "madoadoa", yaani kitu cha kufutwa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto wa Kikuyu, wakafa. Mwezi wa Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Kwa lugha ya makala haya, wengi walikuwa wazee wa watu wao.

Siku hizo hizo, katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret, Askofu Cornelius Korir, mwenyewe Mkalenjin, aliwapa hifadhi maelfu ya waliofukuzwa, wengi wao wasio wa kabila lake. Mfano huu watoka kanisa lisilo na mabaraza ya wazee wa mfumo tuliouchunguza, lakini haukosi mahali hapa. Kwani katika Tito 1:5–7 mzee na askofu ni mtu mmoja mwenye sifa zile zile. Askofu huyo, aliyefariki mwaka 2017, aliifasiri "philoxenos" kwa tendo, na yambwa haikukosekana.

Hatudai kwamba tafsiri iliwasha moto. Neno haliui, na aliyeua alijua anachofanya. Tunachodai ni kidogo zaidi: kwamba orodha inayosomwa mbele ya kila mzee anapowekwa ilikuwa na sharti ambalo lingemhukumu waziwazi, nalo likafifia likawa jambo la sahani na vikombe. Neno mzee lina mizizi mirefu mno kubadilishwa, wala hatuoni haja. Lakini wafasiri wajao wangefanya vema kumrudisha mgeni katika aya hiyo na kuandika "mwenye kupenda wageni", kama vile walivyokwisha kuandika habari za fedha. Hapo mzee ajaye wa Eldoret, akisimama kuwekewa mikono, atasikia ametajiwa jirani yake.