Ekseli Nzima kwa Pikapu Iliyogongwa: Kazi Ngumu Iko kwenye Usukani

Pikapu za Toyota za fowili zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1979 zilikuwa na ekseli nzima mbele: bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu ikiwa ndani yake, na springi bapa zikibeba mzigo. Kuanzia toleo la 1986 kampuni iliachana na mpangilio huo katika soko la Marekani. Kila gurudumu la mbele likapewa amu zake za juu na za chini, difu ikafungwa kwenye chesesi, na kazi ya springi ikachukuliwa na fimbo ndefu ya chuma inayojisokota gurudumu linapopanda. Pikapu hizo za 1986 hadi 1995 ndizo ambazo mafundi wengi wa huko huzirudishia ekseli nzima, na aghalabu chanzo ni ajali: gurudumu moja limevamia jiwe, mtaro au gari jingine, amu zimepinda, na masikio ya chesesi yanayozishika yamehama. Mjadala wa kazi hii karibu kila mara huanzia kwenye swali la ekseli ipi ina nguvu zaidi. Naona hapo ndipo unapopotea. Ekseli ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii. Kinachoamua kama gari litarudi barabarani likiwa salama ni unyoofu wa chesesi na mpangilio wa usukani.

Tuanze na ajali yenyewe, maana ndiyo inayobadilisha hesabu. Amu zikipinda peke yake, dawa ni kununua amu nyingine. Hakuna sababu ya kukata chuma. Lakini masikio yakihama, kila upande una sehemu kadhaa zinazopaswa kurudi mahali pake kwa usahihi wa milimita, kwa sababu pembe ya gurudumu inatokana na mahali masikio hayo yalipo. Kuyarejesha kunahitaji mashine ya kunyoosha chesesi na mtu anayeijua. Ekseli nzima juu ya springi bapa inadai kidogo zaidi: kila upande una sikio moja la springi na shako moja, na vyote viwili hufungwa kwenye miti mikuu miwili ya chesesi, si kwenye chuma cha kukingama kilichoumia. Mlalo wa gurudumu umekwishajengwa ndani ya ekseli, kwa hiyo chesesi haiuamui tena. Eneo lililoharibika hukatwa likatupwa. Hii ndiyo hoja ya kweli ya kubadilisha pikapu iliyogongwa, na ina uzito kuliko habari za kupanda miamba.

Hoja hiyo inasimama kwa sharti moja, kwamba miti mikuu yenyewe bado imenyooka. Kipimo chake hakihitaji mitambo. Gari husimamishwa kwenye sakafu sawa, timazi huteremshwa kutoka matundu yanayolingana kushoto na kulia, alama huwekwa sakafuni, kisha umbali wa mshazari hupimwa kutoka kona hadi kona. Mishazari miwili isipolingana, chesesi imesukumwa upande. Hata ikilingana kazi haijaisha, kwa sababu mishazari haionyeshi chesesi iliyojisokota; hapo pimamaji hulazwa kukingama miti miwili, mbele, katikati na nyuma, na usomaji hulinganishwa. Kisha kutu. Katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, mti unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa umeliwa kutoka ndani, kwa hiyo hugongwa kwa nyundo. Mwaka 2008 Toyota ililazimika kuanzisha mpango maalumu kwa wenye Tacoma za 1995 hadi 2000 kwa sababu ya kutu ya chesesi, na baadhi ya magari ikayanunua tena. Ajabu ni kwamba kipimo hiki cha chesesi, ambacho gharama yake ni uzi na subira, ndicho kinachorukwa zaidi, huku ekseli ikiwa imeshanunuliwa na kusubiri kando.

Ukataji na ufungaji wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Betri hutolewa, chuma cha kukingama hukatwa kwa grainda, mabaki husawazishwa hadi uso wa mti, na bamba la kuimarisha huchomelewa juu yake, likiwa na ncha zilizochongoka ili mshono usiukate mti wima kwa mstari mmoja. Masikio mapya hushikizwa kwa nukta chache tu za weldingi. Ekseli huwekwa, gari hushushwa juu ya magurudumu, na umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma hupimwa pande zote mbili kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Ekseli inayotumika sana ni ya pikapu za 1979 hadi 1985, ambayo gia yake kubwa ya difu ina kipenyo cha inchi 8, dhidi ya inchi 7.5 za difu ya mbele iliyoondolewa. Uwiano wa gia lazima ulingane na wa difu ya nyuma, na difu iwe upande ule ule inakotokea propela ya mbele. Ekseli hiyo ni nyembamba kwa takriban inchi 3 kuliko mfumo uliotolewa. Wengi huirefusha kwa kutumia habu za pikapu ile ile iliyogongwa. Vizuizi vya mpira navyo havikosi kufungwa, la sivyo ekseli itapiga sampu ya oili siku gari litakapoingia kwenye shimo.

Usukani hauhitimishwi kwa maneno machache. Katika pikapu za zamani boksi la usukani lilisukuma fimbo mbele na nyuma, sambamba na mti wa chesesi. Springi inapopanda, ekseli nayo husogea mbele au nyuma, na fimbo hiyo hugeuza magurudumu bila dereva kugusa chochote. Kadiri gari linavyoinuliwa, tabia hiyo huzidi. Pikapu ya 1986 na kuendelea tayari ina boksi ambalo mkono wake huyumba kushoto na kulia. Boksi hilo likibaki, fimbo ndefu inaweza kuvuka gari kutoka kwenye mkono huo hadi kwenye nako ya upande wa pili, juu ya springi. Fimbo ikiwa ndefu na karibu kulala, ekseli inaweza kupanda na kushuka sana huku usukani ukitikisika kidogo tu. Kwa maneno mengine, kifaa bora cha kazi hii kimo ndani ya gari lililogongwa, na fundi anayekitupa ili apate seti nzima ya zamani anarudi nyuma. Hata hivyo, tairi kubwa husukuma boksi kwa nguvu ambayo mti wa chesesi haukutengenezewa, nao hupasuka kwenye matundu ya boliti. Ndiyo maana mirija ya chuma hupitishwa ndani ya mti na kuchomelewa, ili boliti ibane mirija badala ya kuuponda mti.

Pembe ya kasta nayo ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Shako ndefu iliyowekwa mbele ya springi inaweza kuilaza ekseli hadi pembe hiyo ipotee, na gari likaanza kutangatanga au kutetemeka mbele kwa ghafla. Kabari chini ya springi huirejesha, lakini wakati huo huo huinamisha pua ya difu na kuiumiza propela. Palipo na mgongano huo, jibu sahihi ni kukata mshono wa vichwa vya ekseli na kuvizungusha, kazi ya fundi mwenye kipimo.

Wapo wanaosema kampuni haikuondoa ekseli nzima bila sababu. Ni kweli: ni nzito, gurudumu moja likipanda la pili huinama nalo, na kwenye lami ulaini hupungua. Lakini Toyota yenyewe haikuitupa kila mahali. Hilux za Australia na Afrika Kusini ziliendelea kuwa nayo ndani ya miaka ya 1990, na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza 1984 na ambazo Afrika Mashariki inazijua vizuri, bado zinatoka nayo. Mwaka 1999 springi bapa za mbele zilipisha koili, ekseli ikabaki. Uamuzi ulifuata matumizi. Mwenye pikapu inayoshinda kwenye barabara kuu hana budi kukubali pingamizi hili na kutafuta chesesi nyingine nzima.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: gari lililogongwa, likakatwa na kuchomelewa gereji, lina haki gani ya kupishana na watoto wa shule? Halijibiwi kwa kujiamini. Linajibiwa kwa mishono kukaguliwa na mtu ambaye hakuichomelea, kasta kupimwa kwenye mashine, boliti kukazwa upya baada ya safari za kwanza, na bima kuarifiwa. Sheria za majimbo ya Marekani kuhusu mabadiliko haya zinatofautiana, na zisomwe kabla ya grainda kuwashwa. Kama mishazari haikulingana au nyundo imezama kwenye kutu, usiinunue ekseli. Uza injini na giaboksi, na chesesi ipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.