Kufuli Tatu za Pesa ya Simu

Ukitoka Fort Jesus, Mombasa, ukaishika Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, hukosi duka la M-Pesa, huduma ya pesa ya simu ya Safaricom. Juu ya kaunta pana simu ya batani na daftari la wateja lililokunjika pembe, na chini yake droo ya noti. Hadi 2014 mwenye duka hilo hakuwa na ruhusa ya kumhudumia mteja wa Airtel. Mitambo haikumzuia. Aliyemzuia ni mkataba, maana wakala wa Safaricom alifungwa asimfanyie kazi mshindani.

Airtel ikalalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 Safaricom ikaliondoa sharti hilo kwa mawakala wake wapatao 85,000. Mwaka huohuo kanuni za mfumo wa malipo zikapiga marufuku mikataba ya namna hiyo.

Kwa maoni yangu, dawa hiyo ilitibu nusu ya ugonjwa. Noti za droo ni za wote: wa Airtel akija kutoa, wa M-Pesa akija kutoa, zinatoka hizohizo. Floti, yaani pesa za wakala zilizo ndani ya mtandao, ndiyo isiyochanganyika. Tuseme wakala ana floti ya shilingi 50,000. Akiigawa sawa kwa mitandao miwili, mteja anayetaka kuweka 30,000 atarudishwa, upande wowote atakaokwenda. Basi wakala hufanya hesabu, akaiacha floti yote kwenye mtandao wenye wateja wengi. Sheria imemruhusu, mtaji haujamruhusu.

Ndiyo maana naona hatua ya Aprili 2018 ilikuwa nzito zaidi. Kabla yake, ukimtumia pesa mtu wa Airtel kutoka M-Pesa, alipata ujumbe wenye namba ya siri, akalazimika kumtafuta wakala wa M-Pesa azitoe zote. Baada yake pesa zikaingia moja kwa moja kwenye laini yake. Zikishakuwa pale anaweza kuzituma au kuzitunza, na wakala hana tena neno. Aprili 2022 kufuli ya tatu ikafunguka, mteja wa Airtel akaweza kulipa kwenye till za Safaricom, yaani namba za malipo za wafanyabiashara.

Lakini ruhusa isiyoonekana haitumiki. Ulaya ililijua hilo kwenye Windows. Microsoft iliahidi kumwekea mtumiaji ukurasa wa kuchagua kivinjari, kisha ukurasa huo ukakosekana kwenye Windows 7 Service Pack 1 tangu Mei 2011 hadi Julai 2012. Machi 2013 ikatozwa faini ya euro milioni 561, kwa kuvunja ahadi hiyo: mtu aliwasha kompyuta asione pa kuchagulia.

Hapa kwetu, mtazame muuza viungo wa Marikiti. Kando ya mizani yake pana kibao cha kijani chenye namba ya till, na jina ni la M-Pesa peke yake. Mwenye laini ya Airtel hukisoma, akaingiza mkono mfukoni kutafuta noti. Ningekuwa mdhibiti, ningeanzia kwenye kibao hicho.