Mpira Usioonekana

Ukitaja sinema ya sanaa, wengi hudhani ni filamu ngumu ya wasomi, isiyo na ngumi wala mapenzi. Kumbe jina hilo lilianza kama jina la kumbi, majumba madogo ya Ulaya na Marekani yaliyoonyesha picha zilizokataliwa na majumba makubwa. Baadaye likahama kutoka kwenye jengo, likaivaa picha. Kwetu hilo halishangazi: sinema ni nyumba, na ni kile tunachokifuata humo.

Mimi maana yake niliielewa kwa Abderrahmane Sissako, Mmauritania aliyekulia Mali na kusomea filamu Moscow. Katika filamu yake Timbuktu, ya mwaka 2014, mji umetekwa na wenye silaha na soka imeharamishwa. Basi vijana wanaingia uwanjani bila mpira. Wanapasiana, wanakabana, mmoja anapiga penalti. Punda anakatiza uwanja kwa hatua zake za taratibu. Walinzi wanapotokea kwa pikipiki, wachezaji wanajifanya wananyoosha viungo tu. Ufundi wote uko machoni: kila mchezaji anatazama pale pale, kwa wakati ule ule, hadi nami nikajikuta naufuata mpira ambao haupo.

Lakini tukio ninalolirudia zaidi ni la ziwani. Mvuvi Amadou amemchoma mkuki GPS, ng'ombe wa mfugaji Kidane, kwa kuvuruga nyavu zake. Kidane anamwendea na bastola. Wanashikana majini, risasi inalia. Hapo ndipo wengi wangetuletea uso uliojaa jasho, na ngoma zikipigwa kwa nguvu. Sissako na mpiga picha wake, Sofian El Fani, wanarudi nyuma, mbali kabisa, hadi watu wawili wanakuwa vijiti juu ya maji yenye rangi ya magharibi. Kidane anavuka, maji hayampiti magotini, anajikwaa, anainuka. Upande wa pili Amadou naye anajaribu kusimama, anaanguka. Picha haikatwi. Hakuna anayetuambia tumhurumie nani. Tunapewa muda na umbali, basi, na kila hatua ya Kidane inaongeza maji kati yake na mtu ambaye asubuhi ile alikuwa jirani.