Chumvi “Isiyoyeyuka”: Uhakiki wa Istilahi za Msawazo na Umumunyifu

Makala haya yanahakiki istilahi mbili za kemia, kuyeyuka na msawazo, kwa kuzipima katika suala la maji ya kunywa. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala wetu umeelemea mno kwenye idadi ya istilahi. Ni nadra kuuliza iwapo istilahi iliyopo inamfikisha mtumiaji kwenye dhana au inampoteza njiani.

Katika matumizi ya kila siku, barafu huyeyuka, samli huyeyuka, na sukari huyeyuka ndani ya chai. Barafu na samli zahitaji joto tu. Sukari yahitaji maji. Kumumunyika kunatenganisha mambo haya vizuri zaidi: hata mtoto anayemumunya peremende anajua kuwa inaisha kwa mate, si kwa moto. Hata hivyo, bado tunasoma kuhusu “chumvi zisizoyeyuka”, na hapo kasoro si ya mtindo tena. Kalsiamu floridi huwekwa katika kundi hilo, ilhali lita moja ya maji safi huweza kumumunyisha takribani miligramu 16 za chumvi hiyo, zenye karibu miligramu 8 za floridi. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Katika maeneo ya Bonde la Ufa kama Arusha na Nakuru, ambako floridi ya majini hudhuru meno na mifupa, mshauri wa sera akiambiwa kwamba chokaa huigeuza floridi kuwa chumvi “isiyoyeyuka” ana kila sababu ya kuamini kuwa maji yamekwisha kuwa salama.

Msawazo una tatizo la aina nyingine. Shina lake tumekwisha kulitumia katika kusawazisha mlinganyo, yaani kuhakikisha kuwa atomi za pande mbili zinalingana kwa idadi. Kwa hiyo msomaji hudhani kwamba viasi vimekuwa sawa au mmenyuko umekoma. Kilicholingana ni kasi: fuwele zinaendelea kumumunyika, na ioni zinaendelea kurudi kuwa fuwele kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana ziada ya kalsiamu huishusha floridi iliyobaki majini, jambo lisiloelezeka kwa anayeamini kwamba kila kitu kimetulia.

Wapo wanaopendelea mkopo, “ekwilibria”. Mkopo huo haupotoshi, ila pia hauelezi chochote. Napendekeza msawazo wa kasi, na badala ya “chumvi isiyoyeyuka”, chumvi yenye umumunyifu mdogo, kiasi chake kwa lita kikitajwa papo hapo. Ni istilahi ndefu, naam, na wahariri watalalamika. Lakini mwongozo wa kusafisha maji hauwezi kuandikwa kwa ile fupi.