Viraka vitatu vya WASP-19b

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: upimaji wa mwanga uliofanywa kwa kifaa cha FORS2 kwenye darubini ya kule Paranal ulikuwa safi. Lakini uamuzi wa kuipima sayari WASP-19b kwa rangi ya bluu katika mpito mmoja mbele ya nyota yake, kijani katika mpito mwingine na nyekundu katika wa tatu, kisha kuvishona vipande hivyo viwe spektra moja ya sayari, ulikuwa kosa, na sioni sababu ya kungoja mwisho wa safu hii kulisema. Jarida la Nature lilichapisha matokeo hayo mwaka 2017: oksidi ya titani katika angahewa ya sayari. Vifijo vikapigwa. Wachache waliuliza nyota ilikuwa na sura gani katika kila moja ya mipito hiyo mitatu.

Tuanze basi na nyota. WASP-19, katika kundi la Vela, ina madoa, na hujizungusha mara moja kwa siku 11 hivi, wakati sayari yake huizunguka kwa saa 19 tu. Uso unaotuelekea leo si ule wa juma lijalo, seuze wa mwaka ujao. Sasa piga hesabu. Sayari hii huziba takriban asilimia 2 ya mwanga wa nyota. Tuseme madoa yamefunika asilimia 5 ya uso, yote yakiwa nje ya ukanda ambao sayari inaukatiza, na kwa rangi tuliyoichagua doa lina mwanga pungufu kwa asilimia 40. Nyota nzima imefifia kwa asilimia 2, ila ukanda ule haujafifia hata chembe. Sayari inaziba sehemu angavu kuliko wastani, na kina cha mpito kinapanda kutoka asilimia 2.00 hadi 2.04. Nyongeza hiyo ndogo inatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu ni ya kiwango kilekile cha alama tunayotarajia angahewa ya sayari ya aina hii iiache. Tena hailingani kwa rangi zote: doa ni baridi, kwa hiyo tofauti yake na uso wa nyota huwa kali kwenye bluu na hupoa kuelekea nyekundu. Ukipima bluu nyota ikiwa na madoa mengi, halafu nyekundu yakiwa yamepungua, umeandika habari za nyota kwenye daftari la sayari.

Mtetezi atasema muda wa darubini ya mita 8.2 haupatikani kama maji ya kisima, na kifaa kile hakiwezi kuzichukua rangi zote kwa ubora huo kwa mkupuo mmoja. Kweli. Ila shida ya ratiba haibadilishi tabia ya nyota. Atasema pia kwamba vipande huweza kulinganishwa pale rangi zinapopishana. Huko ni kurekebisha kimo, na madoa hayaishii kwenye kimo, yanapinda mteremko wote. Hoja yake nzito ni ya tatu: oksidi ya titani ina mistari yenye umbo lake, na doa halichori umbo hilo. Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Molekuli hii ilikwishaonekana kwenye madoa ya Jua letu tangu uchunguzi wa Mount Wilson mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu ndani ya doa kuna ubaridi wa kutosha isivunjike. Doa baridi linaweza kubeba mistari hiyohiyo. Kama madoa ya WASP-19 yalikuwa baridi kiasi hicho ni swali la kipimo, na kipimo chake kipo: nundu.

Nundu mnaijua. Sayari ikipita juu ya doa, inaziba mahali palipokuwa na giza tayari, na mchoro wa mwanga unainuka kidogo katikati ya bonde. Kimo cha nundu kwa rangi mbalimbali kinakupa joto la doa, upana wake unakupa ukubwa, na mahali inapotokea panakupa anwani. Na bado kuna tabia, ya zamani na iliyoenea, ya kuzikata pointi za nundu kama mpishi anayetupa mchuzi abaki na mfupa. Adriana Silva alishaonyesha mwaka 2003, kwa data za darubini ya Hubble za nyota HD 209458, kwamba sayari ni kifaa cha kupimia madoa. Kundi la mtafiti Pont likayasoma madoa ya nyota HD 189733 mwaka 2007. (Wasomaji wa zamani walijua sayari yake, HD 189733b, itaingia tu. Mteremko wa spektra yake uliitwa ukungu mwaka 2008, na mwaka 2014 McCullough na wenzake wakaonyesha kwamba madoa yasiyopitiwa yangeweza kuueleza. Somo lilikuwa mezani miaka mitatu kabla ya WASP-19b.)

Ila mashujaa wangu kwenye WASP-19 ni watafiti Tregloan-Reed, Southworth na Tappert. Walitumia NTT, darubini ya mita 3.58, wakaivuruga fokasi kwa makusudi ili mwanga wa nyota utandazwe kwenye pikseli nyingi. Wakaiona nundu katika mipito miwili, wakaitambua kuwa ni ya doa lilelile lililosogea, na mwaka 2013 wakatoa mzunguko wa nyota wa siku 11.76 na pembe ya digrii 1 tu kati ya mhimili wa nyota na njia ya sayari, jinsi inavyoonekana kwetu. Yote hayo kwa kile ambacho wengine wangekikata.

Ni kweli, nundu inasema habari za ukanda unaopitiwa tu, na madoa yaliyo nje yake ndiyo yenye madhara niliyoyapigia hesabu. Lakini mwenye kujua joto la doa moja ana pa kuanzia. Mwaka 2019 Espinoza na wenzake walitoa mipito sita ya WASP-19b iliyopimwa kwa darubini ya Magellan, kila mmoja ukiwa na rangi zake zote kwa pamoja. Walikuta nundu ya doa jeusi, wakakuta na doa angavu, na wakaziingiza zote kwenye hesabu. Spektra za mipito mitano zilikuwa tambarare. Mmoja ulikuwa na mteremko, na nyota ikatosha kuueleza. Oksidi ya titani haikuonekana. Watetezi watataja matokeo ya kifaa cha ESPRESSO ya mwaka 2021, lakini kilichotoka huko ni dokezo dhaifu tu la oksidi hiyo.

Kwa wenye mkasi wa kukata nundu, ipo sayari TOI-3884b. Doa la nyota yake ni kubwa, huenda liko karibu na ncha, na sayari hulipitia mpito baada ya mpito. Hapo ukianza kukata, hutapata hata mpito mmoja mzima wa kupima.