Imani ya Mkimbizi katika Hadithi za Injili

Imani aghalabu hudhaniwa kuwa ni moyo usio na shaka. Wasimulizi wa Injili hawakuiandika hivyo. Katika hadithi zao mwenye imani ni mtu aliye njiani, mwenye haja kubwa na msaada mdogo, na imani yake huonekana katika alitendalo kabla ya kusikika katika alisemalo. Yafaa hadithi hizo zipimwe mahali ambapo haja haikuwa mfano wa mahubiri bali hali ya maisha. Lukole palikuwa mahali pa namna hiyo.

Lukole, katika wilaya ya Ngara, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata viliwavusha watu wengi mpaka. Katika miaka ya mwisho ya 1990 kambi hiyo ilikuwa na watu wapatao 100,000, walio wengi wao Wakristo. Ilifungwa mwaka 2008.

Hadithi ya kwanza ni ya Mathayo: mtoto aliyekimbizwa Misri usiku. Wahubiri wengi huishia penye raha. Mtoto ameokoka, Mungu ashukuriwe. Mathayo hakuishia hapo. Mara baada ya kusimulia kuokoka kwa mmoja, anasimulia kuuawa kwa watoto wa Bethlehemu, na analeta kilio cha Raheli asiyekubali kufarijiwa. Huo ndio uaminifu wa msimulizi: haruhusu shukrani ya aliyevuka imsahaulishe aliyebaki ng'ambo. Tena Herode anapokufa, Yusufu harudi Uyahudi. Anamwogopa Arkelao aliyerithi ufalme, na anakwenda kukaa Galilaya. Basi hata kurudi kuna hofu yake. Warundi wengi waliorejea walikuta mashamba yao yamekaliwa na wengine. Watu hao hawakuhitaji mfasiri wa kuwaeleza sehemu hiyo.

Hadithi ya pili ni ya mwanamke mgeni aliyemwombea binti yake, akajibiwa kwa mfano mkali wa chakula cha watoto na mbwa. Marko na Mathayo wote wameisimulia, wala hawakuisimulia sawasawa. Mathayo ameongeza ukimya: Yesu hajibu neno, na wanafunzi wanataka mwanamke afukuzwe kwa sababu ya kelele zake. Mwishoni imani yake inasifiwa kuwa kubwa. Kwa Marko sifa yaangukia penginepo. Binti anapona kwa ajili ya neno alilolisema mama. Mathayo ameshinda kwa ujasiri wa kuonyesha mlango uliofungwa. Marko ameshinda kwa kina, maana kwake imani ni akili inayojibu. Mwanamke hakukana kwamba yuko chini ya meza. Aliligeuza neno la kumdunisha likawa hoja ya haki yake.

Tofauti hiyo si ndogo penye mgao wa chakula. Simon Turner, mtaalamu wa Denmark aliyefanya utafiti Lukole, alitoa mwaka 2010 kitabu kiitwacho Politics of Innocence. Ameonyesha humo jinsi mashirika ya misaada yalivyomtaka mkimbizi awe mnyonge asiye na hatia wala siasa, ilhali watu wa kambini walikuwa na hoja, vyama na ugomvi wao. Msomaji anayemsifu mwanamke huyu kwa unyenyekevu tu anamfanyia vivyo hivyo. Anampa makombo na kumnyang'anya kauli.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo humpa mgeni kazi, na pamoja na kazi humpa heshima. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wakimbizi wakae kambini, wasitoke bila kibali. Mtu aliyenyimwa jembe miaka kumi hawezi kuambiwa kwamba kungoja peke yake ndiyo imani.

Hadithi ya tatu, ya Marko, ni ya baba mwenye mwana mgonjwa. Anakiri kwamba anaamini, na katika pumzi ileile anaomba asaidiwe katika kutoamini kwake. Hakuna msimulizi mwoga ambaye angaliacha maneno hayo yakae pamoja. Marko ameyaacha, na mtoto amepona bila baba kutakiwa kwanza aitakase shaka yake. Imani ya namna hii haimdai mtu aliyeona majirani wa kanisa moja wakiuana aseme kwamba haoni tatizo. Yamdai jambo moja gumu zaidi, yaani kwamba amlete mtoto.

Hapa ndipo thamani ya hadithi hizi ilipo. Zikisomwa kwa haraka, hufundisha subira, na subira ya maskini huwafaa sana wasio maskini. Zikisomwa kama zilivyoandikwa, zinamkuta Raheli analia, mwanamke anajibu, na baba ana shaka. Wala hakuna kati yao aliyekaripiwa kwa hayo. Lukole imefungwa, lakini wenye haja hawakwisha. Mhubiri atakayewasomea hadithi hizi asiwapunguzie kilio, jibu wala shaka, kwa kuwa Injili yenyewe haikuwapunguzia.