Mlima Hausomwi kwa Miti Peke Yake

Msitu wa Usambara Mashariki uliwahi kuwaponza watu werevu. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa Kijerumani waliiona miti mirefu iliyofungamana, imelowa ukungu wa Bahari ya Hindi, wakaamini kwamba chini yake pana rutuba isiyokwisha. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Mibuni ikadhoofu. Udongo ule mwekundu una asidi nyingi, na mvua za karne na karne zimeuchuja virutubisho. Akiba ya msitu ilikuwa juu, kwenye miti yenyewe na majani yanayoanguka, kuoza na kunyonywa tena na mizizi. Waliofyeka waliichoma akiba hiyo. Baadaye chai, mmea unaopenda asidi, ndiyo iliyostawi.

Kwa sababu hiyo nawastahi wanaoainisha misitu ya milima kwa kuanza na umbo la ardhi, kisha udongo, ndipo wakafika kwenye miti. Mtazame mmoja wao akiwa shimoni. Anaukwangua ubavu wa shimo kwa kisu mpaka matabaka yajitokeze: juu mboji nyeusi, nyembamba kuliko ulivyotarajia, chini wekundu unaoshuka hadi miguuni pake. Anachukua donge, analilowesha kidogo, kwa mate ikibidi, analiviringa kiganjani liwe uzi. Uzi ukikatika mapema, mchanga ni mwingi. Ukikubali kupindwa ukawa pete, huo ni mfinyanzi. Maabara itaongeza mengi, lakini nusu ya habari imeshapatikana hapo hapo.

Ufundi huu una mizizi Amani, humo humo Usambara Mashariki. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha huko, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kileleni hadi bondeni, na jinsi mfuatano huo unavyojirudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena. Tangu hapo, anayejua amesimama wapi kwenye mteremko anaweza kukisia udongo atakaoukuta kabla hajashika jembe. Wasambaa nao, muda mrefu kabla ya vituo vya utafiti, walikwisha kuitenga nyika, nchi kavu ya chini, na Shambaai, nchi yao ya milimani, na kila upande walikuwa na mazao yake.

Upande wa mlima nao una neno. Usambara Magharibi, kule Shume kusikofikiwa na mvua nyingi, utakuta mti wa mwangati. Nenda penye unyevu zaidi, mti wa mkulo unatawala. Mwinuko unaweza kuwa ule ule, ila upepo wa baharini umeshatua mzigo wake kwingine.

Mtihani mgumu zaidi kwa anayeainisha misitu hii ni mhesi. Mti huu wa Uganda na Bukoba uliletwa Amani mapema karne ya 20, na hondohondo wakazisambaza mbegu zake kila penye uwazi msituni. Anayeainisha kwa miti tu ataugeuza kila mwanya wa mihesi kuwa aina mpya ya msitu. Mwenzake anayeanza na ardhi atapima mteremko, atachimba, atakuta wekundu ule ule ulioko chini ya miti ya asili, mnyasa na mtambara, hatua chache kutoka hapo, na kwenye ramani yake sehemu zote mbili atazipaka rangi moja.